Usiku wa bamvua: vile mtaa wetu kando ya Kombeni ulivyohesabu maji

Mto Kombeni ukiuona mwezi wa pili hutaamini kama unaweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Unashuka kutoka Rabai ukiwa kijito tu, watoto wanavuka viatu mkononi, na ukifika kwetu huku upande wa Jomvu, Mombasa, kabla haujamwagika kwenye ule mkono wa bahari wa Tudor, unakuwa tope na mikoko na kaa. Ndio maana watu wamejenga karibu. Ploti za juu ni ghali, huku chini wengine ndiko walikozaliwa, na wageni waliokuja kutafuta kazi bandarini na kwenye yadi za makontena wakapata vyumba vya mabati kwa kodi wanayoiweza.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii, nina nyumba mia na kitu ninazozipitia kila mwezi, na hiki kisa nakiandika kirefu kwa sababu tangu yale mafuriko ya Novemba 2023 kila nikikaa na watu nasikia "sisi tuliokolewa na umoja". Ni kweli kabisa, nakubali, lakini mtu wa mtaa mwingine akisikia hivyo ataondoka na nini? Umoja ulifanya nini, saa ngapi, nani alibeba nini, na nani tulimsahau. Manake tulisahau watu, na hilo nitalieleza lote.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka ule vuli ilikuja na El Niño, na juu yake bahari ya upande wetu huu, magharibi mwa Bahari ya Hindi, ilikuwa na joto kupita kawaida, ile hali wataalam wanaiita Daipoli chanya, na hivi viwili vikikutana vuli ya Afrika Mashariki inapita kiasi. Wakubwa walishaiona 1997, mwezi wa kumi, bado wanaihadithia. Novemba 2023 ikawa kila siku habari ni maji, Tana imevunja kingo, magari ya Malindi yamekwama pale daraja la Mbogolo, Kwale huku madaraja hayapitiki. Sisi tukawa tunaangalia simu na kuoneana huruma na watu wa mbali.

Sasa kuna mzee mmoja mvuvi, mtaa mzima tunamwita Babu, ameanza kwenda baharini kabla mamangu hajaolewa. Ijumaa ya wiki ile ya mwisho wa Novemba alitoka kwenye mitumbwi akaja moja kwa moja mpaka maskani pale dukani, akakuta vijana wanazungumza mvua. Kwetu mvua yenyewe ilikuwa ya manyunyu tu. Lakini maji ya mto yalikuwa yashabadilika, mekundu, mazito, yana povu, yanabeba mabua ya mahindi na makuti na gogo moja moja, manake huko juu Rabai na Mazeras ilikuwa siku ya tatu inanyesha bila kupumzika. Babu akasema, "Mvua si kitu wanangu. Hesabuni mwezi. Leo mwezi una siku kumi, siku tatu nne ni bamvua. Mto huu ukija na bahari iko nje, maji yapita yaenda zake. Ukija na bahari imejaa hayana pa kwenda, yatarudi kwetu."

Hayo maneno ndiyo kisa chote, nataka myashike. Kwa asiyekaa Pwani: bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zinasogea mbele kidogo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haipandi sana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na bamvua ya Mombasa si mchezo, kutoka kupwa mpaka kujaa ni zaidi ya mita tatu na zile kubwa kabisa zinakaribia nne. Alafu bamvua ina saa zake hapa kwetu, kujaa kunaangukia mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, ndio maana wanaokwenda kutembea mwambani huenda saa nne saa tano asubuhi bahari ikiwa imekauka. Kwa hivyo mtu anayejua mwezi hahitaji kuuliza mafuriko yatakuja lini, anaijua saa. Ujumbe wa hali ya hewa tulikuwa nao kwenye simu, wa mvua kubwa Pwani, na ulikuwa sahihi na ulitusaidia kuamini, lakini ni wa Pwani nzima, haumwambii mtu wa Kombeni atoke saa ngapi. Babu alituambia.

Jumamosi baada ya Isha tukakaa kwenye uwanja wa madrasa. Alikuwepo imamu, mzee wa mtaa, mchungaji wa lile kanisa la pale juu, akina mama wa chama, vijana wa bodaboda na tuktuk, na mimi na daftari langu. Hili daftari nitalisifu bila haya. Wahudumu wa afya tulikuwa tumepewa vifaa na simu mwaka uleule, tukapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watu, kwa hivyo mimi nilikuwa najua kwenye zile nyumba thelathini na nane zilizo chini ya njia ya zamani yuko nani: mzee wa kiharusi asiyeweza kuinuka, mja mzito wa miezi minane, wawili wa kifua kikuu wanaomeza dawa kila siku, mtoto wa kifafa, watoto wachanga watano. Usiku wa maji hakuna wakati wa kuuliza "kwani kule yuko nani". Tukagawa, kila mgonjwa na vijana wake wawili wa kumbeba, kwa jina, wakaitikia mbele ya watu.

Palizuka mabishano ya magunia. Vijana walitaka tujenge ukuta wa mchanga mtaa mzima kando ya mto, walikuwa na ari, na wallahi kumkataza mtu mwenye ari ni kazi ngumu kuliko kumpa kazi. Babu na fundi mmoja wa ujenzi wakasimama wakasema bahari huizuii kwa magunia mia mbili, utachoka bure, na ukuta wenyewe ukipasuka usiku maji yatakuja kwa kishindo badala ya kuja polepole. Tukakubaliana magunia yaende pahali pawili tu. Pa kwanza ule mdomo wa mfereji, kwa sababu maji ya kujaa huwa hayaanzi kuvuka ukingo, yanaanza kurudi kupitia mfereji na kutokea katikati ya nyumba watu wakiwa wamelala. Pa pili kisima cha msikiti. Jumapili asubuhi yule fundi akawafundisha: gunia lisijazwe pomoni, nusu au zaidi kidogo, ukilijaza linakuwa kama mpira halilaliani na lenzake, usilifunge kamba, ukunje mdomo uwe chini yake, upande wa maji yanakotokea, alafu upange kama matofali, la juu likalie kiungo cha mawili ya chini, na kila safu moja uikanyage kwa miguu. Watoto wa madrasa walishika midomo ya magunia huku wakubwa wanatia mchanga. Ule mfereji ulishika. Mimi kwa maoni yangu ule uamuzi wa kutojenga ukuta ndio uliotuwachia nguvu za usiku, manake vijana waliochimba mchanga siku nzima wasingeweza kubeba mzee wa kiharusi usiku.

Jumapili saa tisa na nusu alasiri bahari ikajaa. Babu alikuwa ameshachomeka mti wa boriti karibu na ule mchu mkubwa, mti wa mikokoni, ameutia alama kwa panga, kila alama shubiri moja. Maji yakapanda yakasimama chini ya kizingiti cha nyumba ya kwanza, kiganja kimoja tu kimebaki. Alafu yakaanza kushuka, na mvua kwetu ikakatika, jua likatoka. Hapo ndipo pana hatari, wengi wakaanza kurudisha godoro ndani. Watu wakasema yamepita.

Kilichobadilisha mambo ni simu moja. Dada mmoja wa hapa ameolewa Rabai, shemeji yake anakaa karibu na mto, na tulikuwa tumemuomba awe anatazama. Akapiga kabla ya Magharibi, maji yanapanda tena, na Mazeras kumefunga kweusi. Kwa tulivyoona siku zile, maji ya huko yanatuchukua kama masaa matatu kutufikia. Hesabu ikawa rahisi hata kwa mtoto: kutoka kujaa mpaka kujaa ni masaa kumi na mbili na nusu hivi, bamvua bado inakua, kujaa kwa alfajiri kutapita kwa alasiri, na mto utakuwa na maji zaidi. Kiganja kimoja hakitoshi. Imamu akatangaza kwenye spika baada ya swala, kwa Kiswahili cha wazi, nyumba zote chini ya njia ya zamani zitoke kabla ya saa tatu usiku, akina mama na watoto madrasa, wanaume ukumbi wa kanisa. Mchungaji naye akapita mlango kwa mlango na koti lake la mvua.

Wengi walitoka. Mwenye mkokoteni ambaye siku zote hata gunia la mkaa hakubebei bure alizunguka mara kumi na moja na hakuuliza shilingi. Tuktuk tatu zilitiwa mafuta na hela za chama. Kulikuwa na baba mmoja alikataa kabisa, alisema 1997 alikaa kitandani mwake na hayakumfika, na mtu mzima huwezi kumbeba kama furushi. Tukazunguka tukamtafuta mamamkwe wake, ni bibi wa miaka sabini na kitu, akaja na kanga yake kichwani akasimama mlangoni akasema, "Baba, nimekuja kukuchukua, mimi siondoki peke yangu usiku huu." Akatoka na redio yake kwapani bila neno. Hakuna tangazo la serikali lingeweza kufanya vile, na ndiyo nasema kujuana ni kifaa kama kamba na mtumbwi.

Kule juu akina mama wa chama walitoa zile sufuria za arusi, sufuria kubwa za kupikia pilau ambazo chama hukodisha, na mwaka jana yake kulikuwa na ugomvi mkubwa kama tuzinunue au tusizinunue. Usiku ule zilipika wali na pojo za watu mia na hamsini na kitu, moto umewashwa chini ya turubai, mmoja ameshika pembe ya turubai maji ya mvua yasiingie kwenye sufuria, mwengine anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Chai ya tangawizi haikukatika mpaka asubuhi. Mtu aliyekula na ambaye mtoto wake amelala pakavu harudi chini kuangalia kuku.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Nyuma ya yadi moja ya makontena kuna mstari wa vyumba vya mabati, kumi na vinne, vya wapangaji. Vimejengwa baada ya mimi kumaliza kuandikisha. Wapangaji wale hawako kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, manake grupu lilianzishwa na wenye nyumba na unaingizwa na mtu anayekujua. Si watu wa msikiti wetu wala kanisa letu, wengi wametoka bara, wanakwenda kazini usiku wanalala mchana. Spika ya msikiti ilitangaza ndio, lakini saa ile nusu yao walikuwa wameshaenda zamu. Tukahesabu thelathini na nane zetu, zimetimia, tukashukuru Mungu, tukakaa.

Saa nane usiku kijana mmoja wa bodaboda, ambaye huwapeleka kazini baadhi yao, akasimama ghafla katikati ya ukumbi akauliza, "Na wale wa nyuma ya yadi?" Nakumbuka nilifungua daftari nikapekua kurasa kama mtu aliyepoteza hela, na hawamo.

Tulishuka watu saba na kamba. Maji kule yalikuwa yashafika magotini na yana mwendo, na maji yenye mwendo usiyadharau, hata ya kuzidi kifundo kidogo tu yanaweza kumuangusha mtu mzima, kwa hivyo tulijifunga kamba tukaenda mmoja nyuma ya mwenzake, wa mbele anapapasa chini kwa fimbo kutafuta mashimo. Tuligonga vyumba kimoja kimoja. Tukatoa wanaume wanne waliokuwa usingizini na mama mmoja na mtoto mgongoni. Chumba cha mwisho mlango una kufuli kwa nje, tukasema hawa wako kazini, tukageuka. Yule wa bodaboda akaweka sikio kwenye bati. Ndani redio ilikuwa inalia kidogo kidogo. Mtu anayekwenda kazi haachi redio ya betri inalia, betri ni pesa.

Kufuli ilivunjwa kwa nondo. Ndani kulikuwa na watoto wawili, wa miaka sita na mitatu hivi, wamekaa juu ya kitanda, kitanda kimeinuliwa kwa matofali, maji yako kiganja chini ya godoro, na mkubwa amemvalisha mdogo sweta mbili. Mamao alikuwa zamu ya usiku, anawafungia kwa nje kila siku kwa sababu hana wa kumwachia na anaogopa watu wabaya, na redio anawaachia wasiogope giza. Nataka niseme kwa nguvu zangu zote: yule mama hana kosa. Kuna watu walimsema maneno makali asubuhi yake na mimi niliwajibu palepale. Aliwafungia wanawe kwa sababu hakuwa na jirani. Na majirani tulikuwepo, hatua mia mbili kutoka mlango wake.

Saa kumi kasoro bahari ikajaa. Sijui kama watu wanajua vile maji ya kujaa yanavyokuja kimya. Hayana sauti ya mafuriko ya bara. Yalipanda polepole, yana harufu ya tope na mikoko, ukitia mkono juu ni baridi, ya mto, chini vuguvugu, ya bahari, ndala na ndoo na kuku waliokufa vinazunguka palepale haviendi mbele wala nyuma. Kwenye nyumba za chini kabisa yalifika dirishani. Yalisimama kama saa nzima, na Babu amesimama na tochi anatazama alama zake, hasemi. Ilipokaribia saa kumi na moja akasema, "Yamegeuka." Wengine walilia hapo.

Hakufa mtu. Nyumba sita za udongo zilianguka kuta, mbili kabisa. Vile vyumba vya wapangaji, vitatu vya mwisho, bati zilikunjwa.

Kuna jambo la baada ambalo watu hawalipigii hadithi kwa sababu halina ushujaa, nalo ni vyoo. Vyoo vya shimo vya huku chini vilijaa vikamwagika, na visima viko hatua ishirini. Na kumbukeni kipindupindu kilikuwa Kenya tangu mwisho wa 2022. Maji yaliposhuka mimi sikuangalia kuta, nilikwenda moja kwa moja kwenye visima nikavifunga kwa kamba na kitambaa chekundu, vyote, hata vile vilivyoonekana safi, watu wakakasirika manake walitaka kuosha nyumba. Kile cha msikiti chenye magunia ndicho kilichopona, na hata hicho tulikitia dawa. Wiki ile niliona kumi na moja wanaharisha, watoto saba. Tulikaa kwa akina mama kila jioni tunakumbushana, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, umpe kidogo kidogo bila kuchoka, na ukimuona macho yameingia ndani au hakojoi usingoje kesho. Hakuna aliyelazwa zaidi ya siku mbili. Vijana wa Msalaba Mwekundu walikuja, wakatusaidia dawa ya maji na blanketi, nawashukuru, na ile namba yao 1199 sasa imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa duka.

Na ofisi moja, siitaji, ilituma mtu siku ya tatu na fomu za kujaza hasara, fomu zikachukuliwa, na mpaka leo hatujaona jibu. Kuna mwenye biashara mmoja pia alimwaga vifusi na udongo kwenye mikoko upande wa juu wetu ili apanue kiwanja chake. Pale palikuwa pakitanua maji ya mto yanapokuja kwa nguvu, sasa pamebanwa. Mikoko si mapambo, mizizi ile ya mkoko na mchu inavunja mwendo wa maji na kushika udongo, lakini nayo ina mwisho wake, ukiifunika kwa mchanga haipumui inakufa imesimama. Upande wa ule mkono wa bahari wa Mwache mikoko mingi ilikufa hivyo baada ya mvua za 1997 na 1998, udongo ulioshuka kutoka juu uliizika. Sisi tunakata boriti na kuni kwa mkono mmoja na tunaomba bahari isije kwa mkono mwengine, na kwenye hili wa kulaumiwa ni sisi pamoja na yule wa vifusi.

Pesa zilitugombanisha, nisifiche. Chama kilitoa shilingi elfu arobaini na sita ambazo zilikuwa za mzunguko wa wanachama, na mchango wa M-Pesa ulipoingia kukawa na swali, zirudishwe kwa chama kwanza au zinunue godoro za walioanguka nyumba? Palifuatia wiki mbili za maneno. Wengine walisema mpangaji ana landilodi wake, amsaidie yeye. Hilo lilinikera sana. Mwisho wale akina mama wenyewe waliamua nusu irudi, nusu inunue godoro, na godoro zitolewe kwa kuangalia waliolala majini, sio waliozaliwa wapi. Uamuzi mzuri, lakini ulichelewa, na kuna wapangaji watatu walikuwa washahama na chuki yao moyoni. Umoja wetu ulikuwa na mlango, na sisi wenyewe hatukuuona mpaka tulipotazama nani yuko nje.

Tukabadilisha vitu vichache. Daftari langu sasa linaandika mlango, sio mwenye nyumba, kila chumba chenye taa usiku kimo humo. Grupu lilifunguliwa, na kwa wasiokuwa na simu za intaneti kila milango kumi ina mtu wake wa kugonga. Wenye zamu za usiku wana nyumba tatu za kuwachia watoto, bibi wawili na yule mamamkwe, kwa shilingi kidogo au bure. Ule mti wa Babu umepigwa simiti chini na alama zake zimepakwa rangi, na kijana mmoja wa sekondari anaandika kila bamvua maji yamefika wapi, anakaa na Babu kwenye mitumbwi wanahesabu mwezi pamoja.

Masika ya 2024 yalipokuja nchi nzima ilikuwa kwenye msiba, mwisho wa mwezi wa nne watu walikufa Mai Mahiu maji yalipowashukia usiku, na siku moja kabla yake boti ilikuwa imepinduka Tana kule Garissa. Alafu likaja tangazo la kimbunga Hidaya, na Pwani yote ikashikwa na hofu, tukaambiwa tusiende baharini. Tarehe nne mwezi wa tano kiliingia upande wa Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu. Babu alikuwa ameshatuambia mapema, maji mafu ndiyo yanaisha, bamvua iko mbele mpaka mwezi uandame, kwa hivyo bahari haitakuja juu sana, tuutazame mto. Hata hivyo tulitoa watu wa nyumba za chini siku mbili, hatukutaka kucheza.

Jioni ile ya kwanza nilikuwa nashuka na daftari kwenda kugonga nyuma ya yadi, na nikakutana nao wanapanda, wapangaji wote wa vile vyumba, na mbele yao yule mama wa kufuli. Ndiye mgongaji wa milango kumi ya kule. Alikuwa amebeba yule mtoto mdogo mgongoni na mkubwa ameshika ile redio, na mkononi ana karatasi ya daftari la shule yenye majina. Akanipa, akaniambia, "Dada, hesabu. Ni ishirini na tisa, na mmoja yuko zamu, nimempigia, anakuja moja kwa moja madrasa."